Nukta Kabla ya Mlango

Insha ya kwanza niliyowapa darasa la sita iliitwa "Usiku wa Hofu", na karibu katika kila karatasi jogoo aliwika. Nilizisoma Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, katika chumba nilichopanga nyuma ya shamba la mahindi la mwenye nyumba. Jogoo wa kwanza aliwika. Mwandishi akarauka alfajiri na mapema. Akapiga mswaki, akaoga, akastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi, ingawa nilijua vizuri kwamba watoto wale walikunywa uji. Akawaamkua wazazi wake. Akaenda shule, akarudi, akala chamcha, na hatimaye, kwenye mistari ya mwisho kabisa, usiku ukaingia. Mwizi akaja, akakamatwa, akapelekwa kituo cha polisi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwisho.

Nilicheka kwa insha chache za mwanzo. Kisha nikaacha kucheka, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa ameogopa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo na nilisubiri kupangiwa kazi na serikali, kama wenzangu wote. Wakati huo kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi, upande wa mji ulio karibu na kiwanda cha nguo, ilinichukua kwa muhula wa tatu peke yake, nishike nafasi ya mwalimu wa Kiswahili aliyekwenda kujifungua na ambaye hakutarajiwa kurudi. Makubaliano yalikuwa wazi. Siku ya wazazi, mwisho wa muhula, watoto wangesoma kazi zao mbele ya watu, na jioni hiyo kamati ingeamua kama nibaki na darasa langu Januari au niende. Nisipobaki, ningerudi kwa baba yangu kule ziwani na shahada yangu, nikae barazani nikiulizwa na kila mgeni ninafanya kazi wapi. Niliitaka nafasi ile. Niliitaka hata nikawa nafikiria Januari nikiwa bado katikati ya Septemba.

Mwalimu wa Kiswahili wa madarasa ya juu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mpole, mwenye koti la kijivu lililojaa vumbi la chaki mifukoni. Nilimpelekea zile insha wakati wa chai ya saa nne.

"Madam," akasema, "unahangaika na hofu ya nini? Mtihani hautaki hofu. Mtihani unataka misemo."

"Lakini mwalimu, kichwa chenyewe kinasema hofu."

"Kichwa ni kichwa tu. Mtoto akiweka methali mbili na tashbihi mbili, amepita. Huyo jogoo amenipitishia watoto miaka mingi. Tafadhali usinichinjie jogoo."

Walimu wengine wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikatembea hadi Kiplombe nikijibu maneno yake kichwani kwa namna nyingi tofauti, zote nzuri, zote zimechelewa. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa na wasiwasi juu ya mambo mengi maishani, kuanzia kama nilifunga mlango hadi kama nilimsalimu mwalimu mkuu kwa heshima ya kutosha. Juu ya jinsi hadithi inavyofanya kazi sikuwa na wasiwasi. Taharuki ni kumnyima msomaji kitu anachokitaka, kidogo kidogo, huku ukimwonyesha kwamba unacho. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hivyo. Anafanya kila siku akificha peremende nyuma ya mgongo.

Somo la kwanza liliniendea vibaya kwa sababu yangu mwenyewe. Nilisimama mbele na kuanza kuwasomea kisa nilichotunga, cha msichana aliyeachwa peke yake nyumbani.

"Akasogea polepole hadi kwenye mla..."

"...ngo!" darasa zima likajibu.

"Akashika ko..."

"...meo!"

Nikanyamaza. Sikuwa nimewauliza chochote. Ndivyo sisi sote tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyofundisha: mwalimu hukata neno katikati, darasa humalizia kwa sauti moja, na kila mtu huridhika kwamba somo limeingia. Kupitia ukuta wa mbao ungeweza kusikia darasa la nne likimalizia majina ya milima na darasa la saba likimalizia methali. Watoto wangu walikuwa wamezoea tangu darasa la kwanza kwamba sentensi ikianza, mwisho wake wanaujua. Wangeandikaje jambo ambalo mwisho wake haujulikani?

Nililiwaza jambo hilo siku kadhaa, zaidi ya lilivyostahili. Kwanza nilitaka kupiga marufuku kumalizia. Halafu nikaona ni kama kupiga marufuku kupumua. Mwishowe nikaigeuza desturi yenyewe iwe mchezo. Mwandishi asimame mbele asome insha yake, na popote apendapo, asimame kimya. Darasa limalizie. Likimalizia sawasawa, sentensi hiyo haijaiva, arudi nayo kwenye dawati aipike upya. Likikosea, anaendelea kusoma.

Sijawahi kuona watoto wakipenda kazi namna ile.

"Nikatazama chini ya kitanda," alisoma mvulana mmoja kwa madaha, "na huko nikaona..."

"Nyoka!"

"Si nyoka."

"Ni nyoka! Wewe kila wiki ni nyoka! Kwenu ni bustani ya nyoka?"

Akatazama karatasi yake. "Ni nyoka," akakubali.

"Haijaiva! Rudisha!"

Kutoka hapo sarufi ilianza kuwa na kazi. Sikuhitaji tena kuwaambia kwamba sentensi ndefu yenye "halafu" tano humchosha msomaji. Walikuwa wanaona wenyewe jinsi darasa linavyoanza kukwaruza madawati kabla ya "halafu" ya tatu. Tukazikata. Nukta ilikuwa kusimama kabisa, miguu pamoja, kama mtu aliyesikia kitu. Koma ilikuwa nusu pumzi, mguu mmoja bado hewani. Tulizisoma insha tukitembea uani kati ya bomba la maji na mlingoti wa bendera, na kila alama ilitii miguu. Alama ya mshangao niliwaruhusu moja kwa kila insha, maana mwanzoni walikuwa wakizipanga nne nne kama uzio. "Mtu mwenye hofu hapigi kelele," niliwaambia. "Anafanya nini?" Wakanong'ona, "Ananyamaza." Zile nukta tatu za kuning'iniza maneno nazo nilizibania, kwa sababu walizimwaga kama chumvi.

Na ngeli! Watoto wa Eldoret hawazipendi ngeli. Nyumbani kila kitu ni "ile kitu ilikuwa inakuja", na wanaelewana vizuri kabisa. Niliandika ubaoni: Kilipumua nje ya dirisha. Nikauliza nini kilipumua.

"Kitu!"

"Kitu gani?"

"Kiboko!"

"Kiboko mnyama ama kiboko ya mwalimu mkuu?" akauliza mmoja, na darasa likaangua kicheko.

Kicheko kilipokwisha, msichana wa dawati la mbele akasema taratibu, "Madam, mimi nimeogopa. Kwa sababu umesema ki, na sijui ki ni nini." Niliwaambia hiyo ndiyo siri ya lugha yao. Kiswahili kinaweza kukuletea jambo hadi mlangoni bila kulitaja. Alisimama. Nani? Mwanamume, mwanamke, mtoto, adui? Kiambishi "a" hakisemi. Mwandishi anaweza kukaa kimya mpaka yeye mwenyewe atake kusema.

Yule msichana alikuwa binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Baba yake alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, mtu kutoka magharibi, mrefu, mwenye sauti ya kushinda mashine. Alikuja shuleni Ijumaa moja na insha ya binti yake mkononi, akaniita nje ya darasa.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni insha, Mzee."

"Insha? Hii ni nusu ukurasa. Muhula wa pili mtoto wangu aliandika kurasa mbili, kuna methali, kuna jogoo, kila kitu. Sasa anaandika 'Alisimama.' Nukta. 'Akasikiliza.' Nukta. Hata mimi ninaweza kuandika hivi, na niliishia darasa la saba."

"Mzee, ile ya kurasa mbili alikuwa ameikariri. Hii ameitunga."

"Na hapa umeandika 'Haijaiva'. Hii ni shule ama hoteli?" Akakunja karatasi. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Watu wa ziwani na Kiswahili, wapi na wapi?"

Mchomo huo uliniingia. Ningeweza kumwambia alama nilizopata chuoni. Ningeweza kumwambia kwamba wa kwao pia hawakuzaliwa Lamu. Badala yake nikasema, "Mzee, njoo siku ya wazazi umsikie akisoma."

"Nitakuja. Na nitakaa mbele."

Baada ya hapo sikulala vizuri wiki nzima. Lakini sikubadilisha somo.

Insha ya binti yake kwa siku ya wazazi ilianza ikiwa na chui. Darasa halikumhurumia. "Chui wa wapi? Rudisha!" Nikakaa naye kwenye dawati lake nikamwuliza nyumbani kwao waliwahi kuogopa nini kwa kweli.

"Baba akichelewa, Madam."

"Basi andika hiyo."

Alipoileta tena, niliisoma nimesimama. King'ora cha kiwanda kililia, aliandika. Mama aliweka maji motoni. Nyayo zilianza kupita njiani. Zilipita za jirani, nzito. Zikapita za kijana wa nyumba ya pili, ambaye huburuta mguu. Mama alisikiliza huku akijifanya anachambua mboga. Nyayo zikapungua. Zikaisha. Baba hakuwa amepita.

Alipoisoma mbele ya darasa na kusimama pale kitu kinapokwaruza mlango, walijaribu kumalizia.

"Mwizi!"

"Mbwa wa jirani!"

"Askari!"

Akatikisa kichwa. Hawakuweza. Lakini baada ya neno hilo la mwisho darasa lilitulia kwa namna ambayo sikuipenda, na nikaanza kufikiri.

Ilikuwa miaka ambayo watu wazima walijifunza kutazama nyuma kabla ya kumaliza sentensi. Kila Jumatatu tulikula kiapo cha utii mlingotini, watoto wakanywa maziwa ya serikali, na sisi walimu tukazungumza juu ya mvua. Kisa cha mwanamume ambaye hakurudi kutoka kazini, na mtu asiyejitaja akisimama mlangoni, kinaweza kusikika tofauti mbele ya chifu. Mwalimu mkuu alifikiri hivyo hivyo. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaongea chini chini.

"Madam, hii hadithi si mbaya. Lakini chifu atakuwepo. Huyu baba ako wapi usiku wote? Watu watajiuliza. Si isomwe ile ya mvulana aliyeandika juu ya upanzi wa miti?"

"Ile haijaiva, mwalimu."

Akanitazama. "Na hapa, hii 'nyayo'. Toa. Weka viatu." Neno lenyewe lilikuwa la chama na serikali siku hizo, na mtu hakutaka kulisikia likisimama nje ya mlango wa mtu. "Hayo mengine ni uamuzi wako. Lakini ikiharibika, kamati haitaniuliza mimi."

Viatu nilivikubali. Vilikuwa bora hata zaidi, vilisikika. Hayo mengine niliyapima nikienda na nikirudi. Nikiondoa baba asiyerudi, hakuna insha. Nikimwambia msichana asome haraka bila kusimama, hakuna taharuki, na nitakuwa nimemfundisha kwamba yote tuliyoyafanya yalikuwa mchezo wa darasani. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na haikuwa ya chama chochote. Isitoshe, nilijua mwisho wake. Niliuamini mwisho ule kuliko nilivyojiamini mimi. Asubuhi iliyofuata nikamwambia, "Utasoma yako. Na pale kwenye nukta kabla ya mlango, usiogope kukaa."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka uone mtu ameacha anachofanya."

Siku ya wazazi kulikuwa na baridi na jua, kama Eldoret ijuavyo kufanya. Akina mama walikaa kwenye nyasi wakifuma sweta. Chifu alikaa chini ya turubai na kifimbo chake magotini. Mwenyekiti alikaa mbele kama alivyoahidi, mikono kifuani, katikati ya wafanyakazi wenzake. Darasa la saba lilitangulia, likasoma insha nzuri ndefu, na watu wakapiga makofi kwa kila methali. Mwalimu mwenzangu alifurahi, na kwa haki.

Kisha akasimama msichana wangu. Karatasi ilikuwa ndogo mkononi mwake, nikasikia mtu nyuma akisema, "Hiyo tu?"

Akasoma king'ora. Akasoma viatu. Nilimwona baba yake akifungua mikono kifuani polepole alipotambua ni njia gani ile, na ni viatu vya nani. Maji yalichemka, akasoma, yakapoa, mama akayarudisha motoni. Mvua ilianza. Kisha kitu kilikwaruza mlango. Mara moja. Kikanyamaza.

Mama alichukua mwiko. Aliuliza, "Nani?" Hakujibiwa. Kikakwaruza tena, chini zaidi. "Nani wewe?" Aliyekuwa nje alipumua kwa pua. Mama aliinua komeo.

Akanyamaza. Akainua macho.

Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama sindano za kufuma. Moja ikasimama, nyingine ikasimama. Chifu alikuwa amejisogeza mbele hadi kifimbo kikaanguka kwenye nyasi, na hakukiokota. Mtoto yule akaendelea kukaa kimya, miguu pamoja, kama uani.

"Mama, usifungue!" akapiga kelele mwanamke mmoja kutoka nyuma.

"Wacha afungue!" akajibu mwingine. "Labda ni mtu wake!"

"Nyamazeni, mtoto asome!" Huyo alikuwa chifu.

Akasoma. Mlango ulifunguka. Taa ilituchoma macho. Nyuma ya taa alikuwa baba, tochi mdomoni. Mkono mmoja ulishika baiskeli iliyokuwa inakwaruza mlango, na mwingine ulishika gunia la mahindi lililotaka kuanguka. Alikuwa amepitia Chepsaita kwa ndugu yake. Alipofungua mdomo kusema, tochi ilianguka kwenye matope. Alisema, "Kwani hamwezi kumfungulia mtu?"

Kicheko kilichotoka kilisikika, nadhani, hadi kiwandani. Wenzake walimpiga mwenyekiti mabegani. "Kumbe ni wewe, bosi! Na tochi mdomoni!" Chifu alicheka hadi akatoa kitambaa akafuta macho. Mwalimu mkuu alicheka wa mwisho, baada ya kuhakikisha chifu amecheka.

Mwenyekiti hakucheka. Ratiba ilimtaka azungumze baada ya insha, akasimama. Watu walitulia.

"Hiyo siku ninaikumbuka," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mashine. "Nilikasirika. Nilinyeshewa, gunia linateleza, nikaona hawa watu wananichezea. Mimi nilikuwa nje. Nilijua nje kulikuwa namna gani." Akamtazama binti yake. "Sikujua ndani walikuwa wanasikia nini."

Akakaa. Hakukuwa na makofi mara moja, na mimi sikuyahitaji.

Kamati ilikutana katika chumba cha walimu. Nilisubiri karibu na bomba nikiosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Mtu mmoja kusema vizuri si kamati nzima, nilijiambia. Na hakusema neno lolote juu yangu. Na nusu ukurasa ni nusu ukurasa. Nilikuwa nimefika mbali sana na mawazo hayo mwalimu mwenzangu wa koti la kijivu alipotoka.

"Wamebishana," akasema.

"Kuhusu nini?"

"Wengine wanasema mtihani utakuja, na mtihani ni mtihani. Nimewaambia hata mimi nasema hivyo." Akapangusa chaki mikononi. "Mwenyekiti akasema, kama huyu Madam anaenda, yeye anajiuzulu. Wakatulia. Unabaki. Unaingia nao darasa la saba. Lakini wanataka na misemo."

Nilipaswa kushukuru tu. Badala yake nikasikia nikisema, "Methali moja kwa insha. Na isiwe mwisho."

"Mbili."

"Mbili, lakini mtoto achague mwenyewe pa kuziweka."

Akafikiri, kama mtu anayeuziwa ng'ombe. "Sawa. Lakini hao wako Januari bado watakuwa upande wa ukuta wangu. Hiyo kelele ya 'rudisha, rudisha' utaipunguza?"

"Hapana, mwalimu," nikasema, nikampa kikombe cha chai.